Mlango wa Chini wa Bwawa la Njesa

Kamishna alikuja bwawani amevaa viatu vyeupe. Naanzia hapo kwa sababu ukimwelewa mtu yule kwenye viatu, umemwelewa kwenye mengine yote.

Bwawa la Njesa lilikuwa limeshuka kuliko nilivyowahi kuliona katika miaka ishirini na miwili ya kazi. Kingo zilibaki tope tupu, juu kavu, chini bichi, la kukumeza mpaka gotini. Ndege isiyo na rubani ikatua juu ya ukuta wa bwawa, mlango ukafunguka, vikatangulia viatu, halafu akafuata mwenyewe: Philibert Rwegoshora, Kamishna wa Nishati na Uhai, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali.

"Habari za hapa, Mhandisi Tusekile?"

Shikamoo hakuna. Nimemzidi miaka kumi na ushei, lakini wakubwa wa makao makuu wanaona shikamoo itawashusha cheo. Nikajibu nzuri, nikamkaribisha, nikamwuliza kama atahitaji mabuti.

"Sikai sana. Nimefuata sahihi yako tu."

Akanipa kibao chake cha kioo nisome. Kilikuwa na Taarifa ya Akiba ya Maji, ukurasa mmoja. Ilisema maji yaliyomo bwawani yanatosha kuwasha mitambo siku arobaini. Mvua zinatarajiwa baada ya siku ishirini na nane. Kwa hiyo mlango wa chini ufungwe kabisa, tone lisitoke, mpaka mvua zinyeshe. Mhandisi Mkuu athibitishe hapa.

Mlango wa chini ndio unaoupa mto Njesa maji. Sisi hatuurudishii mto maji yake, na watu wengi hawalijui hilo. Tunayachota bwawani, tunayapitisha kwenye handaki chini ya mlima, yanatokea upande wa pili na kwenda zake ziwani. Bonde la Njesa, lenye watu elfu sitini na mashamba ya mpunga yanayofika mpaka macho yanapochoka, linaishi kwa kile kidogo tunachokiachia chini ya ukuta. Ukiufunga mlango ule, umewafungia.

Na tunamfungia nani maji kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Jumba la Baridi. Liko mji mkuu, lina kuta nene kama za ngome, na ndani wamelala watu mia tatu na kumi na wawili. Mioyo yao inapiga mara mbili kwa saa. Wanasubiri dawa za magonjwa yao zivumbuliwe. Wengi ni waheshimiwa, wake za waheshimiwa na wakwe wa waheshimiwa. Baridi yao haitakiwi kukatika hata kwa dakika kumi, na umeme wa baridi hiyo unatoka kwangu.

Nisijitie hamnazo. Vitanda vinne walipewa wafanyakazi wa bwawa, kwa kura, ili tusiseme. Kitanda namba mia moja na tisa amelala mume wangu, Anyosisye. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja.

"Kamishna," nikamwuliza, "unajua umeme unatokaje hapa?"

Akacheka kistaarabu. "Maji yanazungusha mitambo."

"Mitambo gani?"

Akakohoa. Loo! Mtu ana cheo chenye maneno matano na hajui anachokisimamia. Nikamweleza polepole. Maji yanaanguka, basi, siri yote ni hiyo. Kutoka mdomo wa handaki mpaka kituo cha mitambo ni mita mia saba kwenda chini, ndani ya bomba la chuma. Yakifika chini yanatoka kwa kasi ya kukata mbao, yanapiga vikombe vilivyopangwa kwenye ukingo wa gurudumu, gurudumu linazunguka. Gurudumu limeshikana na mhimili, mhimili umebeba sumaku kubwa kuliko nyumba ya mtu wa kawaida, na sumaku ikizunguka katikati ya nyaya za shaba, umeme unatoka. Hakuna moshi wala mafuta ya kununua. Ukitaka umeme zaidi unafungua bomba, dakika mbili tu. Ni kazi safi, na mimi niliipenda kama watu wanavyopenda watoto wao.

"Safi sana," akasema Kamishna, akiangalia saa.

"Ila kuna jambo maji yanalifanya kabla hayajaanguka. Panda mtumbwi nikuonyeshe."

Akaangalia viatu vyake. Nikamwacha aviangalie mpaka alipotosheka, tukapanda.

Tulikwenda kama mita mia mbili kutoka ukutani. Nikamwita Karani. Karani ndiye akili ya bwawa, sauti iliyofungwa kwenye kila spika, mashine inayohesabu na kufungua na kufunga, na yenye adabu ya kukera.

"Shikamoo Mhandisi, shikamoo Kamishna," ikasema spika ya mtumbwini. "Nawatakia siku njema na yenye tija."

"Kina cha maji hapa tulipo?"

"Mita thelathini na moja, kwa mujibu wa jedwali."

Nikachukua kamba yenye mafundo, fundo moja kila mita, jiwe mwishoni. Nikaishusha huku nahesabu kwa sauti ili Kamishna naye ahesabu. Fundo la kumi, la kumi na moja, la kumi na mbili, kamba ikalegea mkononi.

"Imenasa," akasema.

"Haijanasa. Imefika."

Akaishika mwenyewe, akaivuta, akaishusha tena. Mafundo yakabaki kumi na mawili. Jiwe likapanda limejaa tope jeusi, laini, linalonuka mayai yaliyooza, na tone moja likaanguka kwenye kiatu cha kushoto. Sisemi nililikusudia.

Mto unapotiririka unabeba udongo, nikamwambia. Ukiingia bwawani unatulia, na udongo unashuka chini. Kila mwaka, kila mvua, kwa miaka arobaini. Karani hana macho ya kuona chini. Anapima uso wa maji tu, kisha anafungua jedwali lililoandikwa mwaka ukuta ulipojengwa, wakati bonde hili lilikuwa tupu. Jedwali linasema hapa kuna mita thelathini na moja za maji, naye anasema hivyo hivyo. Mita kumi na tisa kati ya hizo ni tope, na tope halizungushi gurudumu.

"Kwani jedwali halisahihishwi?"

"Linatakiwa lisahihishwe kila mwaka. Mtu atoke na mtumbwi na kamba, apime mahali mia nne, siku tisa kwenye jua. Ndipo aandike upya."

"Na anayeandika?"

"Anachukua taarifa ya mwaka jana, anabadilisha tarehe, kwenye kina anaandika: kama mwaka jana."

Nilimwonyesha kwenye kibao chake mwenyewe. *Kama mwaka jana. Kama mwaka jana.* Ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka wa kwanza kabisa aliyeiandika alikuwa na malaria, akakusudia kupima mwezi ujao. Waliofuata walinakili malaria yake.

"Huu ni uzembe wa kutisha!" Rwegoshora akapaza sauti, na nilimwona anavyofurahi, maana amepata wa kumtupia. "Nani amesaini miaka yote hii?"

"Kumi na moja ya mwisho ni mimi."

Akashusha kibao. Hakutegemea. Na sikumwambia yote. Miaka mitano ya mwanzo nilisaini kwa uvivu ule ule wa wengine. Mwaka wa sita nilitoka na kamba hii hii, peke yangu, nikaona. Nikajua jedwali likisahihishwa mgao wa Jumba la Baridi utapunguzwa, na vitanda vitakavyozimwa kwanza havitakuwa vya waheshimiwa. Vitakuwa vile vinne vya kwetu, namba mia moja na tisa ikiwemo. Nikaifuta kamba, nikairudisha stoo, nikaandika: kama mwaka jana. Kwa hiyo mkinisikia namdharau Kamishna, jueni dharau ninayo ya kutosha, na sikumpa yote.

* * *

Mchana tulikaa chumba cha kuongozea mitambo. Nikamwingizia Karani vipimo vya kweli, vile nilivyovificha na vya siku ile. Hakuuliza vilikuwa wapi. Hiyo ndiyo raha ya mashine.

"Asanteni kwa taarifa," akasema. "Mlango wa chini ukifungwa leo, umeme utadumu siku ishirini na sita."

"Na mvua?"

"Kati ya siku ishirini na nne na thelathini na mbili."

Kamishna akapumua. "Kumbe! Inawezekana bado. Tunafunga, tunaomba Mungu."

"Karani," nikasema, "mwambie Kamishna habari za mlango wenyewe."

"Tope limebakiza mita moja na nusu kuufunika mlango wa chini. Kwa sasa maji yana uzito wa kulisukuma litoke. Baada ya siku nne hayatakuwa nao. Mlango ukifunikwa hautafunguka tena."

"Maana yake?"

"Mto Njesa utabaki kwenye ramani tu, Kamishna."

Nikamwambia Karani atoe na upande wa pili. Mlango ukifunguliwa wote sasa, tope litatoka na maji yatatoka nalo. Saa arobaini na nane baadaye bwawa litashuka chini ya mdomo wa handaki, na mitambo itazima mpaka mvua. Jumba la Baridi itabidi liamshe watu wake wote ndani ya saa hizo. Kuamsha kunawezekana, vifaa vipo. Lakini si wote wanaoamka. Kwa hesabu ya madaktari, kati ya mia tatu na kumi na wawili, ishirini na kitu hawataamka. Na watakaoamka wataamka na magonjwa yao vile vile walivyolala nayo.

Kamishna akasogeza kiti.

"Mhandisi, tuongee kama watu wazima. Bonde litapewa msaada wa chakula. Magunia yapo. Wakulima wamezoea ukame, si jambo geni kwao."

Ebo! Wamezoea! Mtu hajawahi kukosa hata barafu kwenye glasi anakwambia mwenzake amezoea.

"Msaada wa miaka mingapi?" nikauliza. "Mlango ukishafunikwa ni milele."

"Wataalamu watatafuta njia."

"Mtaalamu ni mimi, Kamishna. Nipo hapa. Njia ndiyo hiyo."

Akasimama, akaenda dirishani, akageuka. "Kule wamelala watu waliolijenga taifa hili."

"Walioujenga ukuta huu wako bondeni. Walihamishwa kutoka hapa hapa chini ya maji, kata tatu nzima, wakaahidiwa umeme. Mpaka leo wanasoma kwa vibatari, nyaya zinapita juu ya vichwa vyao kwenda mjini. Hilo nalo limo kwenye taarifa yako?"

Akageukia tena dirisha. Karani, kwa adabu zake, akaona pengo linafaa kujazwa.

"Kamishna, naomba kukumbusha. Maandalizi ya nafasi yako, kitanda namba mia tatu na kumi na tatu, yanaanza mwezi ujao. Umeme ukikatika yatasogezwa. Samahani kwa usumbufu."

Rwegoshora akawa mwekundu, halafu rangi ikamtoka yote. Nilimwangalia, na ndipo nikaona kwamba shati lile la makali lilikuwa limemzidi, shingo imebaki nyembamba ndani ya kola.

"Ni damu," akasema akiangalia sakafu. "Wamenipa mwaka. Nina watoto wadogo, mama."

*Mama.* Heshima ilikuwemo siku zote, ilikuwa inasubiri shida. Nilimhurumia, sitadanganya, nikataka hata kumshika bega. Kisha nikakumbuka alivyolitamka lile neno, wamezoea, na mkono wangu ukabaki ulipo.

* * *

Wifi yangu Ikupa alifika saa tisa alasiri. Ni dada mkubwa wa Anyosisye, mjane, analima ekari mbili za mpunga kule Njesa ya kati, na magoti yake ni mabovu tangu namfahamu. Nilimkuta kibandani kwa mlinzi, kanga imejaa vumbi mpaka kiunoni.

"Wifi, umepandaje huku?"

"Kwa miguu, kwenye mto. Mnachotuachia sasa hakilowanishi hata vidole. Siku hizi mto ni barabara, tena nzuri, haina hata foleni."

Nikampa maji. Akanywa glasi tatu bila kupumua, halafu akaiangalia ya nne kama aliyekumbuka jambo, akairudisha. Akafungua fundo la kanga, akatoa mashuke matano ya mpunga, akaniwekea mezani.

"Unachanua," akasema. "Ukikosa maji wiki hii, punje hazijazi. Tutavuna makapi. Nimekuja mwenyewe kwa sababu tumeandika barua nne, na anayezijibu ni lile lidude lenu. Linatutakia siku njema."

Nilimwambia yote. Tope, jedwali, siku nne. Nilimwambia na Jumba la Baridi, na nilipofika kitanda namba mia moja na tisa akaelewa kabla sijamaliza.

"Alipolala," akauliza, "daktari alisema amebakiza muda gani?"

"Mwezi. Labda na nusu."

"Na dawa?"

"Bado."

Akayakusanya mashuke yake moja moja. Nilikuwa nangoja. Nitasema ukweli ingawa unanifedhehesha: nilitaka Ikupa aseme. Aseme mwamshe, nifanye kwa neno lake. Au aseme mwache, nisifanye kwa neno lake. Mtu mzima mwenye shahada mbili, nimekaa nangoja kubebewa mzigo na mjane mwenye magoti mabovu.

"Usiniangalie hivyo, wifi," akasema. "Ukitaka nikwambie muamshe ndugu yangu afe, sisemi. Ukitaka nikwambie muache alale, bonde zima lile makapi, hilo pia sisemi. Mhandisi ni wewe. Mshahara ulikuwa unakula wewe."

Maneno yake yaliniingia vizuri. Nikainuka.

* * *

"Karani. Tangaza kuzima. Saa arobaini na nane kuanzia sasa. Jumba la Baridi lianze kuamsha watu."

"Tangazo la kuzima linahitaji sababu, Mhandisi."

"Andika: tope."

"Asante. Imetumwa." Kisha akaongeza: "Nasikitika kukufahamisha kwamba injini ya mlango wa chini imefungwa dakika nne zilizopita, kwa maelekezo ya Kamishna."

Nilisonya msonyo ambao hata Karani lazima aliurekodi. Kamishna alikuwa amesimama kwenye ngazi, kibao mkononi, amejiona mjanja. Kwa akili yake mlango unafunguliwa kwa kubonyeza, na ukizuia kubonyeza, umeuzuia mlango. Waliojenga ukuta ule hawakuwa wajinga kiasi hicho. Ndani ya ukuta, ngazi mia na arobaini kwenda chini, kuna chumba kidogo chenye usukani wa chuma, mpana kama meza ya watu sita, wa kufungulia mlango kwa mikono siku umeme unapowasaliti. Kila mwaka niliupaka grisi mwenyewe. Hilo tu ndilo sikuwahi kuandika kama mwaka jana.

Ikupa akashuka nami, ngazi moja moja, akiyalaani magoti yake kwa Kinyakyusa. Kamishna akatufuata nyuma.

"Unajua unaua nani?" akapiga kelele, na mwangwi ukarudia mara tatu. "Mume wako yumo! Nimeona kwenye orodha! Mume wako!"

"Namjua mume wangu. Njoo utusaidie au utupishe."

Hakuja, hakupisha. Alisimama mlangoni na viatu vyake.

Usukani ule uligoma mizunguko ya kwanza. Tuliusukuma mimi upande huu, Ikupa upande ule, jasho likitutoka, mpaka ukalegea kwa sauti ya mlio wa nguruwe. Tukahesabu mizunguko, kumi, ishirini. Wa thelathini na moja, sakafu ikaanza kutetemeka. Kwanza hapakutoka kitu. Kisha ukuta mzima ukaguna, na chini yetu tope la miaka arobaini likaanza kutoka.

Tulilitazama tukiwa juu, jua likielekea kushuka. Lilitoka jeusi na zito, likanyooka hewani kabla ya kuanguka, na harufu yake ilimfanya mlinzi akimbie. Ndani yake kulikuwa na magogo, bati, mlango wa nyumba ya mtu bado una kitasa. Mto ulioitwa barabara ukajaa mpaka kingo, ukaanza kwenda. Ikupa aliushika mkono wangu. Nyuma yetu Kamishna alikuwa ameketi juu ya ukuta, kwenye vumbi, na shati lake, anazungumza na simu kwa sauti ya chini. Nadhani alikuwa anaongea na mtoto, maana alikuwa anauliza kama amekula.

* * *

Waliamka mia mbili na themanini na tisa. Ishirini na watatu hawakuamka. Majina yao ninayo, nimeyasoma yote, na sitayapaka rangi. Hao ni wangu.

Barua ya kunisimamisha kazi ilinikuta njiani kuelekea mji mkuu. Ilianza kwa kunitakia siku njema na yenye tija.

Nilikuwa nimenunua viatu. Vya ngozi, rangi ya krimu, vina kisigino. Najua, najua. Lakini mume wangu alilala nikiwa na miaka arobaini na sita, yeye arobaini na nne, na sasa yeye bado ni arobaini na nne. Mwanamke ana haki ya viatu.

Nilimkuta kwenye uwanja wa Jumba, saa nne asubuhi, amekaa kwenye benchi na blanketi, kati ya waheshimiwa waliokuwa wanawafokea wauguzi kwa nini wameamshwa. Mmoja alikuwa anadai kuonana na waziri aliyekwishakufa miaka saba iliyopita. Anyosisye alikuwa anakula chungwa.

"Tuse," akasema. "Umezeeka!"

"Wewe umelala tu, ungezeekaje?"

Tukacheka, tukashikana, nikamlilia begani mpaka blanketi likalowa. Alikuwa na joto. Miaka kumi na moja nilikuwa nimesahau kwamba mtu ana joto.

"Kwa hiyo dawa imepatikana?"

Nikamwambia haijapatikana. Nikamwambia kwa nini ameamshwa. Nilianza na tope, nikaeleza vizuri kama mhandisi, kina na uzito na jedwali, mpaka akaniinulia kiganja.

"Ulijua lini?"

Hapo ningeweza kusema wiki iliyopita. Hakuna shahidi zaidi ya kamba.

"Miaka sita sasa."

Aliacha chungwa. "Siku ile nilikataa kulala," akasema polepole. "Unakumbuka? Nilikwambia niache nife kwetu. Ukaniambia nini?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimempigia magoti, kwenye korido ya Jumba hili hili, nikamweleza uzuri wa umeme wangu: hauna moshi, hauna mafuta, maji yanaanguka tu.

"Ulisema haimgharimu mtu yeyote," akasema.

Kisha akanitazama. Naujua mtazamo ule, ni wangu. Ndio niliomtazama nao Rwegoshora mtumbwini, tangu viatuni kupanda juu. Sikuwahi kuupokea, na sikujua kwamba unamkausha mtu mate.

"Nipeleke kwa dada," akasema.

Ilikuwa safari ya saa sita kwa gari, na maneno tuliyosemezana yanahesabika. Tuliingia bondeni jua bado liko juu. Mto ulikuwa unakwenda, umetulia sasa, rangi ya kahawa yenye maziwa. Sitasema kila kitu kilikuwa kizuri. Tope la kwanza liliwakaba samaki, walikuwa wamejaa kingoni tumbo juu, wananuka, na majaruba ya mpunga ya Ikupa, yale ya chini, yalikuwa yamefukiwa kabisa. Lakini ya juu yalishika maji, na kwenye maji mpunga ulisimama, na watu wa rika zote walikuwa ndani mpaka magotini, wanalitandaza tope jeusi kwa mikono kwa sababu wanajua ni mbolea.

Ikupa alimwona mdogo wake kutoka mbali. Hakupiga yowe. Alikuja anachechemea, akamshika uso kwa mikono yenye tope, akauacha umechafuka pande zote mbili. Wakasalimiana kikwao, salamu ndefu, ya ng'ombe na ya watoto na ya marehemu, mpaka ikaisha.

Anyosisye akavua kandambili za hospitali, akakunja suruali. Miguu yake ilikuwa myembamba ya kutia huruma. Akaingia jarubani, akayumba, akasimama. Akainama, akachota tope, akalinusa.

Mimi nilibaki juu ya tuta. Nilikuwa nimesimama na mkoba wangu, nikitafuta mahali pakavu pa kukanyaga, na sikujua kwamba nafanya hivyo mpaka nilipomwona ameniangalia miguuni. Aliiangalia kwa muda mrefu.

"Nina mwezi, Tuse," akasema. "Labda na nusu. Utaumaliza wote umesimama hapo?"

Nikaushusha mkoba kwenye tuta.

"Vua viatu, uingie."

Nikavua.